Maneno ya Nyuma ya Sauti Yake

Kiarabu changu nimefundishwa na mwanamke ambaye sijawahi kumwona. Yuko Saudia, katika nyumba anayofanyia kazi binti yangu. Binti akinitumia ujumbe wa sauti kwa simu, yule mama husikika nyuma yake, nami huokota neno moja moja, kama kuku anavyookota mahindi yaliyomwagika mlangoni pangu.

Nina mashine ya kusaga unga hapa Kitale. Kelele zake hazina adabu, kwa hiyo ujumbe ukiingia naizima. Wateja hulalamika.

"Mzee, washa hiyo kitu bana! Watoto wako na njaa!"

Wangoje. Mke wangu alishafariki, na mtoto ni huyo mmoja. Sauti yake ndiyo nyumba yangu yote.

"Baba, niko sawa kabisa," husema kila mara. Nilitaka sana kujua kama ni kweli, na sikuwa na wa kumuuliza. Ndipo nikaanza kusikiliza yale ambayo yeye hakukusudia kunitumia.

Neno la kwanza lilikuwa "taali". Kila likisikika, binti husema, "Baba, ngoja," na ujumbe unakatika. Hapo hapahitaji mwalimu: ni njoo. "Jibi" hufuatwa na mlio wa vyombo, kwa hiyo ni leta. "Nadhfi" nililipata bure, kwani hata sisi si tunasema nadhifu? "Yala" nililijaribu kwa kuku wangu uani, wakatimua mbio: ni haraka. Nikajiona msomi. Lakini tuseme ukweli, nilikuwa mpweke. Mtu mwenye wa kuongea naye hafundishi kuku Kiarabu.

Siku moja nilimpelekea maneno yangu fundi cherehani anayeshona karibu na msikiti, yeye alisoma madrasa. Aliyapitisha yote, akanisifu, halafu akaweka mkasi chini.

"Na asante je? Na tafadhali? Hayo hujayasikia?"

Nilimwambia labda husemwa mbali na simu. Akaokota mkasi wake, akaendelea kushona.

Mwaka jana binti akaja likizo. Nilifunga mashine tukaenda nyumbani Bungoma, nikachinja jogoo, nikapika mwenyewe, maana nilitaka akae tu kama mgeni. Alikaa kwenye kiti cha marehemu mama yake, kikombe cha chai mkononi, akinisimulia vituko vya uwanja wa ndege huku anacheka. Nami moyoni nilikuwa na langu. Nilitaka ajue kwamba miaka yote hiyo baba yake alikuwa akisikiliza. Nikasimama kwenye mlango wa jikoni, nikaita kwa madaha, "Taali!"

Kikombe kilikuwa mezani kabla sijafunga mdomo. Alikuwa amesimama mbele yangu, mikono imeshikana tumboni, macho chini, anasubiri kutumwa. Chai ilimwagika kwenye kitambaa na hakuiangalia.

Kisha akaona ni mimi.

"Ai, baba! Umenishtua, bana." Akacheka. Mimi nilishindwa.

"Kaa, mama," nikamwambia. Nimemwita hivyo tangu azaliwe, kwa kuwa ana jina la mama yangu. "Kaa unywe chai yako."

"Si niko sawa, baba."

"Sijakuuliza."

Tulimla yule jogoo. Baadaye nilimwomba asirudi, nikamwambia unga tunao. Akasema mkataba haujaisha, na ati nisijali, ameshazoea. Hilo la kuzoea ndilo lililoniuma kuliko yote. Akarudi.

Kuku sasa nawafukuza kwa Kibukusu. Ujumbe bado unaingia, bado nazima mashine. Na lile neno likisikika nyuma ya sauti yake, najikuta nimesimama. Wateja huniuliza, "Mzee, kwani unaenda wapi?"

Siendi popote. Nasimama tu mpaka ujumbe uishe.