Siku Baba Alipojisalimisha

Nilipokuwa mtoto wa darasa la pili kule Kawetele, baba yangu alichinja ng'ombe na hakumgawia mtu hata kipande cha ini. Ndiyo kwanza ruksa ya biashara huria imeingia, kila mtu anataka kuwa mfanyabiashara, naye akaipeleka nyama yote buchani Tukuyu. Kwetu ng'ombe akichinjwa, ndugu wanapata fungu lao. Baba mkubwa, kaka yake baba aliyeishi ng'ambo ya migomba yetu, alisubiri lake mpaka jioni. Hakuja kugomba. Alinung'unika tu, na majirani wakanung'unika naye.

Wiki ileile nikashikwa na baridi. Jamani, nilitetemeka! Hospitali walinipa vidonge, lakini baridi haikutoka. Bibi akanigusa paji la uso, akasema hiyo ni mbepo, pumzi ya watu waliokasirika, na humpata hata mtoto wa mkosaji.

"Nenda kwa kaka yako ukajisalimishe," akamwambia baba.

"Mimi? Kwa ng'ombe wangu mwenyewe?"

"Haya, kaa na ng'ombe wako, umzike mtoto."

Neno lile la kujisalimisha nilikuwa nalisikia redioni tu, majambazi wamejisalimisha, nikalia nikidhani baba anakwenda kufungwa. Akanifunika koti lake, akanibeba mgongoni kwenye manyunyu hadi kwa baba mkubwa.

Baba yangu, mbishi aliyemshinda hata mchungaji, alikaa chini kwenye udongo.

"Kaka, nimekosa. Nimekuja, nifanye utakavyo."

"Ulininyima kama mbwa!" baba mkubwa akafoka. "Roho iliniuma, mdogo wangu, iliniuma!"

Akayatoa yote, maana kwetu hasira ikibaki moyoni, maji ya baraka hayasaidii. Baba hakujitetea hata kidogo. Kisha baba mkubwa akapiga funda la maji, akanipulizia kifuani. "Yameisha, mwanangu." Maji yalikuwa ya baridi kweli, nikacheka, nao wakacheka.

Nilipona. Kama ni vidonge au ni maji, sibishani na mtu. Sasa nina watoto wangu, na najua ilivyo kazi kumwambia ndugu yako "nimekosa" huku moyoni bado unajiona una haki. Baba alikufa bila kuniambia hata mara moja kwamba ananipenda, na mimi sikuwahi kuhitaji aniambie.