Mama Mkwe Alipokanyaga Breki

Mtoto wetu wa kwanza alipozaliwa, mama mkwe alitoka Ushirombo akaja kukaa nasi Katoro kumwangalia mzazi. Mke wangu alikuwa amejifungua kwa upasuaji, hawezi kuinama wala kuinua ndoo, na mama yangu mimi alifariki zamani, kabla sijaoa. Basi hakukuwa na la kujadili. Alishuka kwenye basi na begi la nguo, kuku wa kienyeji na mfuko wa unga wa ulezi, na hata kabla hajakaa akauliza maji ya kumwogeshea mtoto yanachemshiwa wapi.

Mimi ni Msukuma wa upande wa Shinyanga. Nimelelewa na bibi aliyenifundisha kwamba mwanamume na mama mkwe wake hawapeani mikono, hawali pamoja, na hawakodoleani macho. Mama mkwe ni Msumbwa, na mambo hayo kwao hayahitaji kufafanuliwa. Lakini nyumba yetu ni ndogo, vyumba viwili na sebule. Nikitoka chumbani, yeye anavuta khanga na kugeukia ukutani. Akiwa jikoni, mimi nazunguka nyuma ya nyumba ili nisipite mbele yake. Asubuhi nasema, "Shikamoo mama," nikiutazama mlango. Anajibu, "Marahaba baba," akiitazama sufuria. Mengine yote yalipitia kwa mke wangu.

Nina pikapu kuukuu, ya viti vya mbele na vya nyuma. Kazi yangu ni kuchomelea, na wateja wangu wengi ni wenye makarasha, zile mashine za kusagia mawe ya dhahabu, kwa hiyo gari hilo linashinda kwenye vumbi na makorongo. Siku niliyomtoa mke wangu hospitali, tulipokaribia soko la Katoro, bodaboda ilikata mbele yetu. Nilikanyaga breki, pedeli ikazama mpaka chini kama nimekanyaga sponji. Nikapiga tena na tena, gari likasimama pembeni, hatua chache kutoka kwenye meza ya mama muuza nyanya. Mtoto hakuamka. Mke wangu alimkumbatia kifuani mpaka tulipofika nyumbani.

"Mtoto hapandi tena gari hilo mpaka ulitengeneze," alisema, akaingia ndani.

Na safari ya Ushirombo ilikuwa inatungoja. Baba mkwe alikuwa na magoti mabovu, hawezi kuja Katoro, na kila jioni alipiga simu kuuliza mjukuu analetwa lini.

Ningeweza kulipeleka gereji. Lakini gari hilo tangu nilinunue nimelihudumia mwenyewe uani kwangu, na ni kazi ninayoipenda. Nilijua pia tatizo ni nini. Mafuta ya breki yalikuwa ya siku nyingi, yamenyonya unyevu na kuingia upepo. Yalitakiwa kutolewa yote, yawekwe mapya, na upepo utolewe kwenye breki ya kila tairi.

Jumamosi asubuhi nilianza na oili ya difu, yaani gia zinazozungusha matairi ya nyuma, kwa sababu hiyo mtu anaifanya peke yake. Nilijilaza chini ya gari upande wa nyuma, nikafungua kifuniko cha juu, kisha cha chini, na oili nzito, nyeusi, yenye harufu kama ya kiberiti, ikashuka taratibu kwenye beseni. Nilipoliweka beseni juani, ndani ya oili kulikuwa na vumbi la chuma linalometameta.

Mama mkwe alikuwa anaanika nepi. Akasimama. Nikasikia akimwambia mke wangu, aliyekuwa amekaa kibarazani na mtoto, "Mwulize mumeo, hiyo ni dhahabu?"

"Mama anauliza kama hiyo ni dhahabu."

"Mwambie hapana, ni meno ya difu yanalika."

"Anasema siyo dhahabu, mama. Ni meno."

"Meno ya nani?" aliuliza mama mkwe. Mke wangu akacheka mpaka akashika tumbo, pale penye mshono.

Nikajaza difu oili mpya, nikafunga, nikageukia breki. Hapo ndipo nilipokwama. Kutoa upepo ni kazi ya watu wawili. Mmoja anakaa kwenye usukani akanyage pedeli na kuishikilia. Mwingine yuko kwenye tairi, anafungua nati ndogo yenye tundu iliyovalishwa mpira unaoingia kwenye chupa. Mafuta machafu na mapovu vinatoka, pedeli inazama, nati inafungwa, ndipo yule wa ndani anaachia. Akiachia kabla nati haijafungwa, breki inavuta hewa na kazi inaanza upya. Siku zote wa kwenye pedeli alikuwa mke wangu. Sasa daktari alikuwa amemkataza kazi za nguvu, naye mwenyewe, akijaribu kuinua mguu tu, anakunja uso.

"Nitamwita jirani," nilisema.

Jirani alikuwa ameenda Geita. Wa upande wa pili alikuwa msibani. Nilirudi nikamkuta mama mkwe amesimama karibu na mlango wa dereva, amejifunga khanga ya pili kiunoni, ananipa mgongo.

"Mama anasema atakanyaga yeye," mke wangu alisema.

"Haiwezekani."

"Mwambie nimeshona sare za kwaya ya parokia kwa cherehani ya miguu tangu hujazaliwa," mama mkwe alisema, bado kanipa mgongo. "Mguu wangu unajua kukanyaga."

Akapanda. Alikuwa mwanamke mnene, ikabidi kiti kisogezwe nyuma, na mke wangu akamwelekeza namna ya kukisogeza huku mimi nikijifanya natafuta spana. Nilianza na tairi la nyuma kushoto, lililo mbali zaidi na chombo cha mafuta ya breki. Nilishatia mawe kwenye matairi mengine, gari limeinuliwa na jeki na kukalishwa juu ya gogo. Nilikaa chini, na kutoka pale sikumwona wala yeye hakuniona. Kati yetu alikuwepo mke wangu kibarazani.

"Mwambie mama akanyage," nilisema.

"Mama, kanyaga."

"Nimekanyaga."

"Amekanyaga," mke wangu akaniambia.

Nikafungua. Mafuta yakatoka yamepiga weusi kama kahawa, na mapovu.

"Mwambie ashikilie hapo hapo."

Wakati huo mtoto alilia. Mke wangu akamgeukia, na neno lililomfikia mama yake lilikuwa nusu. Mama mkwe akadhani ameambiwa aachie. Nikaona mafuta yanarudi nyuma ndani ya mpira, hewa inaingia. Tukaanza tena, na tena ikawa vilevile, maana neno langu lilifika limechelewa. Nilifuta jasho kwa mkono wenye mafuta. Huwezi kumlaumu mkwe, na mke wangu naye alikuwa ananyonyesha.

Ndipo sauti ikatoka ndani ya gari, haikuwa kali.

"Baba, tukiendelea hivi tutalala hapa. Niambie mimi mwenyewe. Hunioni, sikuoni."

Kumwamuru mkwe kwa mdomo wangu, na kwa neno kama kanyaga, lilikuwa jambo ambalo bibi yangu asingelisikiliza akabaki amekaa.

"Naomba ukanyage, mama," nilisema.

"Nimekanyaga, baba."

"Shikilia, mama. Tafadhali usiachie."

"Nimeshikilia."

Nikafungua, yakatoka, nikafunga. "Sasa waweza kuachia, mama."

"Nimeachia."

Mguu wake ulikuwa mtulivu kweli. Pedeli ilishuka polepole, bila kushtuka, na mafuta yakaja kwa mwendo mmoja. Tulipohamia tairi la nyuma kulia, yale ya naomba na tafadhali yalikuwa yamepungua yenyewe. Nilisema "kanyaga", akasema "nimekanyaga". Nilisema "achia", akasema "nimeachia". Kila baada ya muda nilinyanyuka kuongeza mafuta mapya kwenye chombo chini ya boneti, maana kikikauka upepo unaingia tena. Nikipita mbele ya kioo, yeye anageuza uso upande wa migomba na mimi naangalia chini.

Kwenye tairi la mbele kushoto alianza kuzungumza. Nadhani ilikuwa rahisi kwake, akiwa anatazama kioo na mimi niko chini, kila mmoja na kazi yake.

"Binti yangu aliposema anaolewa na Msukuma, niliogopa," alisema. "Nilijua atapelekwa huko kwenu akachunge ng'ombe."

"Sina hata ng'ombe mmoja, mama. Kanyaga."

"Nimekanyaga. Ndiyo, nilikuja kujua. Nikaogopa tena, maana mwanamume asiye na ng'ombe anaishi kwa nini?"

Mke wangu alicheka kibarazani, mimi pia nikacheka, na nikamsikia mama mkwe mwenyewe akicheka ndani ya gari, kiti kikilia chini yake.

Halafu akauliza, "Mama yako alikuwa mtu wa namna gani?"

Nilikuwa nimeshafungua nati na kuifunga, nimeshika spana. Watu waliniuliza mara nyingi mama alikufa kwa ugonjwa gani. Hilo la alikuwa mtu wa namna gani sikuwa nimeulizwa kwa miaka mingi. Nikamwambia alilima pamba na viazi vitamu. Alikuwa akicheka anaziba mdomo kwa kiganja, kwa sababu ya jino lililovunjika. Alipokausha michembe, vile vipande vya viazi, alipenda kuipanga mwenyewe juu ya jiwe, kipande kwa kipande, na ukimharibia mpango anakufukuza na ufagio, kisha anakuita urudi ule. Nikamwambia kwamba mtoto alipozaliwa nilitamani awepo hata kwa saa moja, amshike tu. Hili sikuwa nimemwambia mtu, hata mke wangu. Nikabaki naitazama ile chupa.

"Baba," mama mkwe alisema.

"Naam, mama."

"Mguu unatetemeka."

Nilikuwa nimesahau kumwambia aachie. "Achia, mama. Achia. Nisamehe."

"Nimeachia." Alipumua. Kisha akasema, "Mtoto ana vidole virefu. Siyo vya kwetu. Nilikuwa najiuliza ni vya nani. Ni vya huyo."

Nilivihamisha vitu vyangu kwenye tairi la mwisho.

Tulipomaliza, mafuta yalikuwa yanatoka meupe, bila povu. Nilimwomba akanyage mara ya mwisho aniambie anasikia nini.

"Sasa inagoma juu," alisema. "Mwanzo ilikuwa inazama kama matope."

Akashuka upande wake, akavuta khanga kichwani, akaenda kuangalia nepi zake kama mtu aliyetoka dukani. Mchana ule nilipitia nyuma ya nyumba kama kawaida. Ila chakula kilipoletwa, mke wangu aliweka mbele yangu kipaja cha kuku na kusema mama ameagiza nipewe mimi.

Nililijaribu gari peke yangu kwanza, kwenye barabara ya vumbi nyuma ya mtaa, mpaka niliporidhika. Wiki iliyofuata tukaenda Ushirombo, mke wangu mbele, mama mkwe nyuma na mtoto. Njiani kundi la ng'ombe lilivuka barabara ghafla. Nilikanyaga, gari likasimama pale pale, na kwenye kioo kidogo nikaona mama mkwe amenyoosha mguu, amekanyaga sakafu kwa nguvu zake zote.

Nyumbani kwao kulikuwa na watu wengi, na heshima ikarudi mahali pake. Alipita mbali nami, uso kaufunika. Nilipewa kigoda upande wa wanaume, yeye akaketi na akina mama, na kama mgeni angetutazama angesema hatujawahi kusemeshana. Baba mkwe alimpakata mjukuu mpaka jioni, hataki kumpa mtu. Kabla hatujala, aliniinamia sikioni, akaniita mkwe kwa neno la huko.

"Mkwilima, nasikia umemfanya mke wangu fundi."

Nilitaka kuomba radhi, lakini alikuwa tayari anacheka, mabega yakitikisika, mtoto akitikisika naye.

Sasa mtoto anatembea, na mke wangu amepona, amerudi kwenye pedeli. Anakanyaga haraka haraka, huku anaongea na simu, na kila mara lazima niseme neno mara mbili. Juzi aliniuliza kwa nini nakunja uso. Nilimwambia ni jua, nikamwomba akanyage tena.