Mforosadi wa Akheri

Nilikuwa msaidizi wa utafiti, nazunguka Mlima Meru kukusanya vipandikizi vya miforosadi ya kienyeji. Bosi wangu aliamini kwamba miti ile, ingawa yote tunaiita jina moja, imerithi tabia tofauti: mmoja hukua upesi, mwingine hutoa majani mengi ya kulisha viwavi wa hariri. Alitaka tuipande pamoja, tuilinganishe.

Kijijini Akheri nilimkuta bibi mjane, mforosadi wake umesimama katikati ya migomba.

“Kata tu, mwanangu,” alisema. “Ila uje uniambie mti wangu ukoje.”

Siku hiyohiyo nilichukua vingine Oldonyo Sambu. Lebo niliziandika nyumbani, Ngarenaro, harakaharaka, mafungu mawili yamelala sakafuni. Nikasita: la Akheri ni lipi? Nikakisia.

Baada ya mwaka, katika shamba letu la majaribio, mstari wenye lebo ya Akheri ulikuwa umedumaa. Wa Oldonyo Sambu uliipita mistari yote. Nikaenda kwa bibi, najiona mtaalamu.

“Bibi, mti wako ni dhaifu.”

“Basi nitaung’oa, nipande parachichi.”

Sikumzuia.

Miezi michache baadaye bosi aliniita shambani, ameshika picha nilizopiga mwenyewe siku ya kukusanya. Majani ya mti wa Akheri yalikuwa yamegawanyika mapande matatu, sawasawa na ya mstari ulioshinda.

“Una uhakika na lebo zako?”

“Nina uhakika,” nikajibu.

Uongo huo nilikaa nao siku mbili. Siku ya tatu nikamwambia ukweli. Alivua miwani, akanitazama.

“Mimi umeniambia. Mwenye mti je?”

Nilikwenda Akheri na miche minne iliyotokana na mti wake. Pale uliposimama mforosadi palikuwa na mche wa parachichi.

“Nilikisia, bibi. Wako ndio ulioshinda yote.”

Aliutazama mche wa parachichi.

“Marehemu mume wangu aliupanda tulipopata mtoto wa kwanza,” alisema hatimaye. “Uliposema ni dhaifu, niliona aibu kwa niaba yake.”

Nilikuwa nimejiandaa kutukanwa. Hilo sikulitegemea, nikakosa pa kuweka macho.

Alichagua miche miwili, akanionyesha pa kuchimba. Nilichimba, nikapanda, nikamwagilia, yeye akinitazama. Hakunikaribisha chai, na niliona nimestahili.