Talaka ya Bi Mwanamkisi

Wifi yangu Nasreen ni mtafiti wa magonjwa ya wazee, na mimi nilimchoka kabla sijampenda. Mtu gani anafika nyumbani kwa kaka yake, badala ya kuuliza habari za watoto anauliza mama kalala vipi, kala nini, kagombana na nani? Mimi ni mtu wa Wiyoni, nimeolewa na Amjad katika nyumba hii ya mjini, na mama yao, Bi Mwanamkisi, mimi ndiye niliyekuwa nikimwosha na kumlisha. Nasreen alikuwa chuo kikuu Mombasa, akitujia na maswali.

Lakini haki yake nimpe. Zamani mzee akianza kusahau tulisema ni uzee, au tulisema kuna mkono wa mtu. Yeye ndiye aliyetuambia kuwa ni ugonjwa wa ubongo. Alipanda boti hadi Mtangawanda, akazunguka vijiji vya kisiwa cha Pate nyumba kwa nyumba, akikaa jikoni na mabinti na wakaza wana wanaouguza. Akaona kwamba mzee anayebishiwa hulia zaidi, hupiga watu, hutoroka. Basi akawafundisha: msibishane naye. Akimuulizia aliyekufa, msimpe msiba upya, mwambieni jambo la kumtuliza. Nyumba nyingi zilipata nafuu kwa maneno hayo.

Kisha baba yao, Bwana Obeid, akafariki, muda mfupi kabla ya Maulidi. Alifia kitandani, mkono wake umo mkononi mwa mkewe. Bi Mwanamkisi alilia pamoja nasi. Siku ya pili, watu wangali wamejaa msibani, akaniuliza, "Baba Amjad u wapi? Mbona hayi kula?" Nikamwambia kweli, akaanguka pale pale. Jioni akauliza tena.

Nasreen akatukusanya, macho yamemvimba, akasema basi, asiambiwe tena. Bwana Obeid maisha yake yote alikuwa akivuka kwenda Pate kununua tumbaku. "Semeni yuko Pate," akasema.

Mwanzo uongo ule ulifaa. Mama alivaa asmini, akajifukiza udi, akamngoja mumewe kwa furaha. Wanawake waliokuja kumpa pole wakakuta mjane ananukia katikati ya eda, wakakonyezana. Niliwakazia macho mpaka wakainamisha vichwa. Nasreen akarudi kazini.

Miezi ikapita, jibu letu ni Pate kila siku. Maneno yenyewe Bi Mwanamkisi aliyasahau, lakini uchungu wa kungoja haukumtoka. Akaacha asmini. Akawa anautupa sakafuni mto wa mumewe, mimi nauokota. Huyu ni mwanamke aliyekuwa akijisifu kwa wenziwe kwamba wao wote wameonja uke wenza, yeye peke yake mumewe hakumwonjesha. Chakula nacho akakikataa. Nilidhani ni ugonjwa tu unazidi.

Asubuhi moja Nasreen aliingia akitoka Pate na mkoba wake wa kazi, akamkuta mamake ameketi kwenye kibaraza cha mlangoni, amevaa buibui. Nilikuwa nimeshindwa kumrudisha ndani.

"Nipeleka kwa kadhi," akamwambia. "Babako ameoa Pate. Kuoa ni haki yake. Lakini kuniwata hivi, bila ya kunambia? Nataka talaka yangu."

Niliona aibu kama kwamba ni mimi niliyemwacha. Nasreen alijua la kumjibu, maana ndilo alilokuwa akiwafundisha watu visiwani kote. Alianza, "Kadhi leo hayupo, mama, kesho..." kisha akautua mkoba. Akaketi karibu naye, akamshika mikono yote miwili.

"Baba hakuoa, mama. Baba amekufa."

Bi Mwanamkisi alimtazama sana. "Amefia kwa nani?"

"Kwako. Kitandani kwako. Ulikuwa umemshika mkono."

Akalia, lakini si kilio kile cha siku ya pili. Alilia taratibu, kama mtu aliyetua mzigo. "Innalillahi," akasema. "Basi hakuniwata." Kisha akaninyooshea mikono. "Nivua bangili. Mimi niko edani." Nikamvua. Mchana ule alikula wali wake wote.

Alasiri akauliza tena mumewe yuko wapi.

Nasreen aliomba likizo, akahamia chumba cha ubavuni mwa mamake. Kila akiulizwa alisema yote: hakuoa, amekufa, kwako, ulimshika mkono. Mama hulia, huvuliwa bangili, hutulia. Eda ya sheria ilikwisha, yake ikawa inaanza kila siku. Nilikuwa nikimwona wifi yangu amesimama ngazini, anajifuta uso kabla ya kuingia kumfisha baba yake kwa mara nyingine. Nikamwambia aniachie mimi, japo siku moja.

"La, wifi," akasema. "Akilia, na alie na mwanawe."

Hapo ndipo nilipompenda.

Ikafika siku Bi Mwanamkisi hakuuliza. Tuliketi naye mpaka chai ikapoa. Nasreen alikuwa ameyaweka maneno yake tayari, akingoja. Mwisho akashindwa, akauliza yeye.

"Mama, leo humuulizi Baba Amjad?"

Mama akamtazama kwa adabu, kama anavyotazamwa mgeni. "Baba Amjad ndiye nani?"

Nasreen alimsogezea kikombe. Nilidhani atamwambia kwamba ni mumewe, kwamba hakumwacha. Lakini mtu wa kuambiwa hayo hakuwepo tena.

"Ni mtu tu, mama," akasema. "Kunywa chai."

Bi Mwanamkisi akanywa chai, akala mkate wa mofa, usoni hana huzuni hata kidogo. Kwa kila kipimo alichowahi kukitumia wifi yangu, mgonjwa yule alikuwa ametulia. Nasreen alishuka jikoni kwangu, akaketi juu ya mbuzi ya kukunia nazi, akamlilia baba yake peke yake.