Juu ya Mlango wa Mama

Juzi asubuhi niliondoka bila kujua niendako, nikashuka Msata kunywa chai. Juu ya mlango wa mgahawa palikuwa pamebandikwa karatasi ya Ayatul Kursiy, aya ya kinga, na chai ikanishinda.

Kwetu Zinga mama alibandika karatasi kama ile, akaniambia shari haipiti pale. Niliamini mtu mbaya akifika kizingitini ataanguka. Alasiri moja, nyumba ikinukia samaki wa kukaanga, baba wa kambo alirudi na mpini wa jembe. Nilimtazama nikingoja aanguke. Akasema, “Bismillahi,” akatanguliza mguu wa kulia kama tulivyofundishwa, akaingia.

Bibi alipokuja kumkanda mama uvimbe, nilimuuliza, “Bibi, mbona Mungu hakumzuia?”

“Anayezuiwa ni shetani, mjukuu wangu. Binadamu kapewa hiari yake.”

Tangu hapo nimewauliza mashehe na madereva wa malori, nao wamenipa jibu lile lile kwa maneno mengi zaidi.

Jioni ya siku ile ya kipigo mama alinishika mkono tukaenda Kerege, kwa bikizee mmoja aliyepangisha vyumba. Mama alimwamkia, kisha akauliza kama mlango una komeo.

“Lilikatika, mwanangu. Tunamwachia Mungu.”

Mama alicheka kidogo, tukaingia chumbani, akaketi sakafuni, akaegemeza mgongo wake mlangoni.