Damu Kwenye Mswaki

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, aliyeiumba miili yetu kwa kipimo na akawafundisha waja wake kuzisoma dalili zake. Rehema na amani zimfikie Mtume wake. Baada ya hayo, nasimulia yaliyotupata hapa Ujiji, mimi na mke wangu.

Alirudi kutoka Katonga, anakonunua dagaa, akitetemeka. Kichwa kilimuuma nyuma ya macho, na viungo vilimuuma hata kuinua kikombe ikawa kazi. Nilisema ni malaria, maana mtu aliyeiugua tangu utotoni hudhani anaijua kila homa. Jirani yetu mvuvi akaleta vidonge vyake vya maumivu, vile wanavyomeza baada ya kuvuta nyavu.

"Mpe viwili, mzee. Kesho utamsikia Katonga akigombana na wauzaji."

Nilivitia mfukoni, tukaenda zahanati kupima kwanza. Kipimo cha malaria hakikuonyesha kitu. Tukapelekwa hospitali, damu ikapimwa tena, na daktari, binti wa umri wa mjukuu wangu, akatuambia ni homa ya dengue.

"Shikamoo, babu. Ugonjwa huu hauna dawa ya kuuua. Tunausaidia mwili wake ushinde: maji mengi, uji, kupumzika, na parasetamoli ya homa. Kuna dawa nyingine amemeza?"

Nikatoa vidonge vya jirani.

"Hivi mrudishie mwenyewe. Vinaweza kumfanya atoke damu. Na homa ikishuka, hapo ndipo umwangalie zaidi."

"Ikishuka?"

"Ndiyo, babu. Siku mbili zinazofuata ndizo za hatari. Tumbo likimuuma sana, akitapika mfululizo, au ukiona damu popote, mlete hapo hapo."

Siku ya tano homa ilishuka. Nilisujudu kwa shukrani. Nilipoinuka nikamkuta mke wangu anakunja vitenge. Binti wa kaka yake alikuwa anaolewa Kagunga, na kwao shangazi ndiye anayekaa na bibi harusi faragha na kumfunda kabla hajatoka kwa wazazi wake. Boti ilikuwa inaondoka Kibirizi asubuhi ile.

"Nimepona, mume wangu. Nishike paji la uso."

Nilishika. Lilikuwa baridi. Nikiri kwamba nilikwenda kuchukua udhu nikiwa nimekwisha kumruhusu moyoni. Kando ya pipa langu la udhu, kwenye ukingo wa kisima cha ua, nikaona mswaki wake wa mti, ameusugulia meno kabla ya alfajiri kama ada yake. Nyuzi zake zilikuwa nyekundu.

Nilirudi nao mkononi. "Hii ni nini?"

"Fizi tu."

"Na tumbo?"

Akauweka mkono ubavuni. "Linauma tangu usiku. Nilijua ukijua utanizuia."

"Nimekwisha kukuzuia. Kwenye boti ukizidiwa, nani atakutundikia dripu? Dagaa?"

Alicheka huku anashika tumbo, nami nikaita bajaji. Sikuwa na wasiwasi wa nini cha kufanya. Nilikuwa nimeambiwa, na kuambiwa ni neema.

Hospitalini walimtundikia maji, na kila asubuhi wakapima damu kuangalia zile chembe zinazoigandisha. Zilikuwa zimeshuka sana. Walimlaza ndani ya chandarua hata mchana, ili mbu asimng'ate akaupeleka ugonjwa kwa mwingine. Siku ya tatu chembe zilianza kupanda. Siku hiyo hiyo akaniomba simu, akampigia bibi harusi.

"Toka nje," akaniambia. "Haya si ya masikio yako. Ungeyajua mapema ungekuwa mume bora zaidi."

Nilikaa kwenye benchi karibu saa nzima nikivuta tasbihi, nikisikia anavyoshusha sauti na kuipandisha. Sauti ilikuwa na nguvu. Kagunga walipata shangazi wao, nami nikampata mke wangu.

Tuliporudi nyumbani nilifunua pipa langu la maji ya udhu, ninaloliacha wazi miaka yote. Viluwiluwi vya mbu vilicheza ndani, katika maji safi kabisa. Nikalimwaga, nikalisugua, nikaliwekea mfuniko.

Wewe unayesoma, Mwenyezi Mungu akulindie unaowapenda, akujaalie subira homa inapopanda na macho makini inaposhuka, na akuamshe kesho nyumba yako ikiwa na afya. Amina.