Shikamoo Niliyompa Ndege

Mwanangu, zamani za Mwingereza mimi niliamini, kwa moyo wote na kwa meno yangu yote, kwamba heroe ni watu. Nasema wale ndege wa rangi ya waridi, wenye shingo kama kamba na miguu kama mabua ya mtama, wanaosimama kwa mguu mmoja kwenye ziwa la Singida. Niliambiwa kila mmoja wao ni mtu aliyetoroka kundi letu, akalaaniwa, akaota manyoya njiani, na sasa anatumikia adhabu yake ndani ya maji ya chumvi. Cheka tu. Hata mimi nacheka, ila nikimaliza kucheka huwa natazama chini.

Leo unaniona mhitimu wa ngumbaru, ile shule ya watu wazima, niliyesoma kwa taa ya koroboi mpaka moshi ukanikaa puani, na nikipiga chafya hadi leo linatoka wingu jeusi la kutosha kuleta mvua Manyoni nzima. Lakini kabla ya ngumbaru nilikuwa kijana wa kwetu Ikungi, mwenye mabega mapana na kichwa chepesi. Ule mwaka nzige walipokula mtama wetu wote, wakabakiza mawe kwa sababu ni magumu, nilishika njia kwenda kutafuta kibarua cha reli. Njiani, upande wa Manyoni, nikakuta kambi ya watu waliojiita Watu wa Umande. Walikaa ndani ya vichaka vilivyosongamana mno, nyoka akitaka kugeuka lazima aombe nafasi. Walinipa uji. Nikalala.

Asubuhi kiongozi wao, waliyemwita Baba wa Umande, akanishika bega mbele ya watu wote akasema, "Huyu nilimwota." Zamani alikuwa mnyapara wa reli, akaacha au akaachishwa, sikuwahi kujua, akaja msituni na kipande cha reli na sauti nzuri. Sauti ile ingeweza kumfanya punda atubu. Na mimi, ni nani aliyewahi kuniota? Nyumbani mama aliniota navunja vyungu tu. Nikabaki.

Kile kipande cha reli kilitundikwa mtini. Kikigongwa, tunaamka. Kikigongwa tena, tunakula. Na maji vilevile: bila mlio wa reli hunywi, hata ulimi wako ukauke kama ngozi ya ngoma. Mwanzoni nilihesabu hiyo kuwa ni nguvu ya roho. Baadaye sikuhesabu kitu, maana nilikuwa nimeacha hata kujua kama nina kiu.

Kulikuwa na amri nyingine, na hii ndiyo inayonichoma mpaka leo. Shikamoo ilikuwa ya mtu mmoja. Baba wa Umande alisema heshima ikigawiwa watu wengi hukauka, kwa hiyo ni yeye tu wa kuamkiwa. Mtu mzima mwingine yeyote, hata aliyekuzaa, unampita kama unavyopita kisiki. Wewe umelelewa huku kwetu, unajua uzito wake. Huku mtoto asipoamkia wazee, majirani huenda kumwuliza mama yake kama mtoto anaumwa.

Siku moja nilikuwa nalinda mlango wa ua wa miiba. Nikaona mtu anakuja polepole na fimbo, vumbi limempanda mpaka nyusi. Alikuwa baba yangu. Ametoka Ikungi kwa miguu, na kibuyu cha maziwa ya mgando begani, yale ninayoyapenda. Akasimama mbele yangu, karibu kama ulivyo wewe na karatasi hii. Alikuwa anasubiri, kwa sababu aliye mdogo ndiye huanza.

Mimi nikatazama juu ya kichwa chake. Kulikuwa na tawi pale, na jani moja limekunjwa na mdudu. Nalikumbuka jani lile kuliko nyuso za watu wengi niliowapenda.

Baba alisubiri sana. Halafu akaweka kibuyu chini, taratibu, maziwa yasimwagike.

"Marahaba, mwanangu," akasema.

Sikuwa nimemwamkia. Aliitikia salamu ambayo sikuitoa, akageuka, akaondoka. Maziwa yale aliyanywa Baba wa Umande, na mimi ndiye niliyemshikia kibuyu.

Naona aibu kuyaandika haya, lakini aibu nyingine bado. Kabla baba hajaja, pale kambini kulikuwa na mpishi wetu, Mzee Shila, mwenye mguu mmoja mbovu. Mchana mmoja wa jua kali, Baba wa Umande alikuwa amekwenda Manyoni kung'olewa jino, na hakumwachia mtu ruhusa ya kugonga reli. Tukakaa. Mtungi uko katikati yetu, umejaa, unatoa jasho. Bibi mmoja aliyekaa karibu nami akaanza kuinama, akaanguka kwa kiu. Watu wote tukautazama mtungi, halafu tukakitazama kile chuma. Mzee Shila akachechemea mpaka kwenye mtungi, akachota, akamnywesha bibi yule.

Nani alikuwa wa kwanza kumpigia kelele? Mimi. Nilipiga kelele ambayo nadhani ilisikika Tabora. Nilimwita mwasi, mchafuzi wa maji. Yeye akanitazama tu huku ameshika kata, akasema, "Bibi wa watu anakufa, wewe unasubiri chuma?"

Kesho yake Mzee Shila hakuwapo. Baba wa Umande, shavu limevimba kama ameficha boga, akatutangazia kwamba Shila amekuwa heroe, yuko ziwani, amesimama kwa mguu mmoja. Na tazama jinsi uongo unavyojua kutafuta mahali pa kukaa: Shila alikuwa na mguu mmoja mzima, na ndege wale husimama kwa mguu mmoja. Nikaamini palepale.

Sasa usidhani nilitoroka kishujaa. Wapo wanaosimulia walivyoruka ua wa miiba huku wakifukuzwa. Mimi nilitumwa chumvi.

Mjomba wangu Mkumbo, ndugu wa mama, alikuwa mfanyabiashara wa chumvi ya ziwani. Alipita kambini na punda wake wanne, akaniona, wala hakushtuka. Akamgeukia Baba wa Umande.

"Mzee, naona hapa hamna chumvi."

"Tunafunga chumvi," akajibu Baba wa Umande.

"Kufunga ni kuwa nayo ukaiacha. Nyinyi hamnayo. Niazime kijana huyu mwenye mabega anisaidie punda mpaka ziwani, nitakuletea mzigo mzima."

Baba wa Umande akameza mate, akakubali upesi. Kumbe mchungaji wetu naye alikuwa amechoka na mboga zisizo na chumvi.

Basi tukaondoka. Nilitembea kama mtu aliyebeba yai kichwani. Kila asubuhi nilikagua mikono yangu. Mbu akiniuma, kile kipele nasema, hilo ni nyoya linaanza. Na mjomba, mwanangu, hakunihubiria hata mara moja. Alikuwa na tabia moja tu iliyonitesa: alikuwa ananiuliza.

"Una kiu?"

Nikageuza kichwa kutafuta mti wenye chuma. Hakuna. "Sijui, mjomba."

"Haya. Ukijua, kibuyu kiko kwa huyu punda mweupe."

"Tupumzike hapa au pale mbele?"

"Unavyotaka wewe."

"Mimi nimekuuliza wewe. Punda hawa nikiwauliza wananijibu, sembuse mtu."

Siku za kwanza maswali yale yaliniumiza kuliko fimbo. Tukatoka kwenye vile vichaka, tukaingia msitu wa miti mirefu yenye mizinga ya nyuki, na hapo kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu nikaona mbingu nzima kwa mpigo. Nikaketi chini. Mjomba akadhani nimechomwa na mwiba. Nilikuwa nimeogopa, maana palikuwa na nafasi kubwa na hakuna aliyeniambia nikae upande gani. Mjomba akawafungua punda wakale majani, akajilaza, akafunika uso kwa kofia. Tulikaa pale mpaka nilipoinuka mwenyewe.

Mahali njia inapogawanyika, moja kwenda Ikungi kwetu na nyingine kuzunguka porini, akaniuliza, "Tupite wapi?"

Nilimwona baba machoni pangu, na lile jani. "Tuzunguke," nikasema.

Akazungusha punda, ingawa ilituongezea safari mpaka kwato za punda zikanichukia.

Tukapanda kwenye mawe makubwa ya Singida, yale yaliyopangana kama magunia ya mkulima asiye na haraka. Upepo wa huko unaujua, unaweza kukunyang'anya jina lako. Mchana mmoja, tukiwa katikati ya mlima, nikasimama.

"Mjomba," nikasema. "Nina kiu."

Mjomba akasimamisha punda wote wanne. Akanitazama kama mzazi anayemtazama mtoto aliyetembea. "Ana kiu!" akawaambia punda. "Mmesikia? Kijana wetu ana kiu!" Akakifungua kibuyu, akanipa. Nilikunywa mpaka maji yakapita kifuani. Nililia pia, lakini nilimwambia mjomba ni upepo, naye akakubali kwamba ni upepo.

Tukafika ziwani. Maji yalikuwa yamerudi nyuma, chumvi imebaki ukingoni, ya kijivu, tukaanza kuikwangua. Na kule majini, heroe. Wengi kupita watu wa soko lolote, wote kwa mguu mmoja. Nilijaribu kumtambua Mzee Shila kwa mguu, na hebu fikiria kazi ile! Mwishoni nikachagua mmoja aliyesimama peke yake, anaonekana mtu mzima. Nikaingia majini mpaka magotini, nikakunja mgongo.

"Shikamoo, Mzee Shila. Nisamehe zile kelele."

Ndege akainamisha kichwa matopeni, akaendelea kula.

Nikageuka, nikamkuta mjomba amesimama nyuma yangu na mfuko wa ngozi mkononi. Hakucheka. Mtu yule Mungu amrehemu, hakucheka.

"Amekujibu?"

"Bado."

"Basi." Akafunga mdomo wa mfuko, akafungua tena, kama anatafuta kamba. "Ila nimesikia unaisema vizuri. Ulimi haujaisahau."

Maneno yale yaliniingia. Ukiacha zile za Baba wa Umande, shikamoo yangu ya kwanza tangu nimwache baba mlangoni nilikuwa nimempa ndege. Nikaosha uso kwa maji yale ya chumvi, macho yakaniwaka moto, na nilipoweza kufumbua nikamwambia mjomba turudi kwa njia ya Ikungi.

"Na chumvi ya wale?" nikamwuliza.

"Nilimwahidi chumvi, nitampelekea. Na ule mtungi ulionisimulia nitauchota bila kusubiri chuma, nimwone atakayenizuia. Wewe sikumwahidi, nilikuazima tu, na nimeazima kwa asiye mwenyewe."

Baba alikuwa uani anatengeneza mpini wa jembe. Nikaja mpaka mbele yake, nikapiga magoti. Nilikaa pale magotini muda wa mtu kupika ugali na kuula. Baba akaweka mpini chini. Alisubiri, kama alivyosubiri siku ile.

"Shikamoo, baba."

"Nilishaitikia, mwanangu," akasema. "Siku ile ile."

Mwanangu, nimekuandikia haya kwa sababu huenda nawe umetoka mahali pa namna hiyo, au unaye mtu aliyetoka. Ukitoka, miguu hutangulia, na kichwa huja nyuma kwa muda wake, kinakagua manyoya. Usikione kijinga. Tembea. Nenda mahali penye mbingu kubwa, kunywa maji ukiwa na kiu, na usione haya kama mwanzoni hujui kama unayo. Mtu wa Mungu wa kweli hataogopa ukinywa kabla yake, wala hatakunyang'anya salamu ya wazazi wako aifanye yake. Akikuambia umwache mama yako bila kumwamkia, hapo hapo chukua fimbo yako. Na kama ni wewe unayempokea aliyerudi, mwulize kama ana kiu, kisha unyamaze. Aibu yake anaijua. Huna haja ya kumsomea.

Nami nakuombea Mungu akupe njia yenye maji, akupe mjomba wa kutembea naye, na ukirudi nyumbani umkute wa kukuitikia.

Ila bado nina deni la heroe. Jioni ile ya kurudi kwa baba nilikataa kuingia ndani. Nilimwambia baba kila kitu, kwamba nimetoroka kundi, kwamba nitaota manyoya, kwamba Mzee Shila yuko ziwani na hajanisamehe. Baba alinisikiliza mpaka mwisho, akajikuna kidevu.

"Shila mwenye mguu? Alipita hapa wakati wa mavuno, anakwenda kwa binti yake. Alikula hapo hapo ulipopiga magoti. Ndiye aliyemwambia mama yako kwamba uko hai, ndipo nikakufuata."

Nikaukagua mkono wangu.

"Na wale ni ndege, mwanangu. Ndege tu. Ingia ndani ule."